Kitanda Kilichogeuzwa Kibla

Mwaka 1968, nikiwa na miaka minane, ndipo shida zangu zilipoanza, na zilianza na kitanda.

Mama alikuwa amelazwa hospitalini Tanga. Vitanda vya wodi ile vilipangwa safu mbili, miguu yote ikielekea ujia wa katikati, vimenyooka kama mbao dukani. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea uji. Siku moja naingia na kikopo changu, naona kitanda kimoja kimetoka kwenye safu, kimekaa mshazari, kinaziba njia. Kilikuwa cha mama. Amefunikwa shuka jeupe, na shangazi yangu amekaa upande wa kichwani anasoma Yasini. Nikauliza kwa nini kimegeuzwa.

"Tumemwelekeza Kibla, mwanangu," shangazi akasema. "Weka uji hapo."

Sikujua maana yake. Ilipofika alasiri nilijua: anayekata roho ndiye huelekezwa.

Shule nikaiachia darasa la pili. Nikawa mbeba mchanga wa waashi, kisha mchanganya chokaa, kisha mwashi, kisha mwajiri wa waashi. Hakuna aliyenishika mkono. Na tangu siku ile hospitali sikuingia tena ila kwa kulazimishwa. Hata wanangu walipozaliwa nilisubiri ng'ambo ya barabara.

Naanza na hayo kwa sababu ninyi wa barazani mmekuwa mkiniuliza kila mtu kwa zamu yake, "Mzee Hamisi, kulikuwaje China?" Nami najibu "salama" halafu nanyamaza. Haikuwa salama. Sasa naandika mara moja, kwa mkono wangu, msinisumbue tena.

Dar es Salaam hadi Cairo

Safari ilikuwa ya ujenzi. Mnakijua kiwanja changu cha barabarani. Nilinuia kukitoa wakfu: hospitali ndogo, msikiti, chuo cha Kurani, na pale langoni kuba, na chini ya kuba kaburi langu. Msicheke. Mtu aliyebeba mchanga kwa kichwa ana haki ya kulala chini ya kitu alichokijenga mwenyewe.

Wazo nililipata kwenye picha. Haji mmoja alinionyesha jengo la kale la Cairo ambalo sultani mmoja wa zamani alilijenga kwa mpango huohuo: hospitali, chuo na kaburi lake, vyote nyuma ya ukuta mmoja. Nikasema, hili ndilo langu. Kwa kuwa ndege ya kwenda China inapitia Cairo, tungeshuka tulione kwanza, halafu tuende Guangzhou kuagiza viunzi vya mbao na vitambaa vya wodi.

Nilikwenda na mke wangu, Mama Zubeda. Amefundisha watoto Kurani maisha yake yote, na Kiarabu chake ni cha vitabuni, lakini ni Kiarabu. Bila yeye ningekuwa bubu.

Ndege ilifungwa milango, ikakaa pale pale uwanjani. Wakasema kuna kitu kinarekebishwa. Kitu gani, hawakusema. Mimi nikiona fundi anafungua bati chini ya bawa nataka kujua anafungua nini! Nilikaa na jasho, na mkanda umenibana tumbo, kila saa namwuliza Mama Zubeda kama ameisikia ile sauti.

"Sauti gani?"

"Ya chuma."

"Baba Zubeda, ndege yote ni chuma. Soma."

Tulipopaa wakatuletea nyama iliyoogelea mafuta. Mimi sikuigusa. Yeye akala yake, akala na yangu. Kabla hatujafika alikuwa ameinama, ameshika chini ya mbavu upande wa kulia. Akasema ni gesi. Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Cairo, nyuma ya ukuta mrefu

Jengo lenyewe liko kwenye mtaa mwembamba wenye maduka ya sinia na mabirika ya shaba. Unapita, unadhani umeuona ukuta, kumbe bado, unaendelea tu. Madirisha marefu yamezama ndani ya matao, na juu yake mstari wa maandishi unauzunguka ukuta kama mkanda. Mlango umevishwa marmaru nyeupe na nyeusi. Ukiingia unakutana na ujia mrefu, mwembamba, dari yake ya mbao iko juu sana na mwanga ni haba. Mkono wa kulia ni mlango wa kaburi, mkono wa kushoto mlango wa chuo, na hospitali iko mwisho kabisa, nyuma.

Mlinzi alikuwa mzee mwenye sharubu. Mama Zubeda alipomsalimia kwa Kiarabu chake, yule mzee akacheka hadi akashika ukuta.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema naongea kama niko juu ya mimbari."

Lakini alimpenda, akatutembeza mwenyewe. Nilipoingia penye kaburi nilisahau kila kitu. Nguzo za jiwe jekundu, nene, mtu mmoja hawezi kuzikumbatia. Kuta zimepambwa kwa vipande vya marmaru vilivyokatwa vidogo kama kucha. Kaburi limezungushiwa uzio wa mbao za kukereza, na juu yake kuba inayoteremsha mwanga wa rangi. Nikasema moyoni, Hamisi, wewe na uzio kama huu.

Halafu nikaliona dirisha. Kina chake upande mmoja kilikuwa kirefu kuliko upande wa pili. Mwashi mbovu? Hapana. Nikatoka nje, nikatazama, nikarudi ndani. Ukuta wa nje unafuata mtaa, ukuta wa ndani unafuata Kibla, na mtaa na Kibla havikupatana. Wakaufanya ukuta uwe mwembamba huku na mnene kule, tofauti yote ikapotelea ndani ya unene. Ukipita nje huoni kitu, na ukisali ndani huoni kitu. Nilisimama pale nikaupapasa ukuta ule kama mtu anayepapasa ng'ombe wa mnadani.

Mama Zubeda yeye alitaka kuona hospitali tu. Imebaki magofu. Kipande cha ukumbi, tao moja, na birika la marmaru lililokauka. Mlinzi akasema palikuwa na kumbi nne zilizotazamana kama msalaba, na maji yakipita katikati. Wa homa ukumbi wao, wa macho wao, wa majeraha wao, wa matumbo wao. Wasiopata usingizi walisomewa na kusimuliwa visa. Tajiri na maskini sawasawa, na aliyepona hakutoka bila nguo mpya.

Mama Zubeda akamwuliza, "Na walipolala, walielekea wapi?"

Mlinzi akakuna sharubu. "Wallahi, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo."

Nikamwambia mke wangu aache maswali ya watoto, tuna mambo ya kupima. Alikuwa amekaa ukingoni mwa birika, ameshika tena chini ya mbavu, na uso wake una rangi ya majivu.

Tukatoka taratibu kwa ujia uleule. Katikati ya giza lile akaegemea ukuta, akashindwa kusogea. Kulia kwetu mlango wa chuo, kushoto mlango wa kaburi. Ndipo jambo likanipiga: mgonjwa wa hapa, aliyepona na aliyekufa, wote walipitishwa njia hii moja. Hapakuwa na nyingine. Na mimi nimesimama na mke wangu anayetweta, kaburi liko wazi ubavuni mwetu.

"Twende," nikamwambia. "Twende, twende."

"Nisubiri kwanza," akasema. "Kwani umeona nini?"

Guangzhou, uwanja wa ndege

Pale wanataka alama za vidole. Unaweka vidole kwenye kioo, mashine inasoma. Vyangu haikuvisoma. Nikafuta kwenye kanzu, nikarudia. Haikusoma. Askari wa pale akanikamata mkono mwenyewe, akabonyeza, akatazama vidole, akanitazama mimi, akamwita mwenzake. Wakaniweka kando.

Nilitaka kuwaambia ni chokaa. Miaka ya chokaa na saruji imekula vidole, vimekuwa laini kama kijiko. Lakini ningesemaje? Nikafanya kwa mikono, napiga plasta hewani, nasawazisha kwa mwiko. Wakazidi kunitazama. Mama Zubeda alikuwa amekwisha kuvuka, yuko upande wa pili wa kioo, amekaa juu ya sanduku, amejikunja. Namwona, simfikii. Nikawaza, watanirudisha mimi, yeye atabaki humu peke yake, mgonjwa, na ulimwengu mzima hauna anayejua alipo.

Mwishoni akaja mkubwa wao, mtu wa makamo. Akageuza kiganja changu, akaugusa ugumu wake, kisha akanionyesha cha kwake. Naye kilikuwa kigumu, sijui alikuwa mkulima, sijui nini. Akagonga muhuri. Nikamwinua mke wangu, tukapanda teksi.

Dengfeng na kiwandani

Tulifikia mtaa wa Dengfeng, kule Xiaobei, ambako ukifumba macho unasikia Kiswahili, Kilingala na Kisomali, na ukifumbua unaona Wachina wanasukuma mikokoteni. Mwenyeji wetu alikuwa Bi Salama, mwanamke wa Unguja anayesafirisha mizigo ya watu, mdomo wake haupumziki.

"Karibu, Mzee wangu. Mama mbona kanywea hivi? Hebu mleteni supu. Hapa hatutaki mtu aje mnene arudi mwembamba, watasema nyumbani Salama kamla."

Chumbani kwetu hotelini nikataka kusali, nikashindwa. Kwetu Kibla ni kaskazini, Cairo ni kusini mashariki, hapa sijui. Lifti ilikuwa imenizungusha kichwa. Bi Salama akaninyooshea kidole dirishani: "Huku ni machweo, Mzee. Jua linakozama ndiko Makka iliko, kasoro kidogo tu. Usihangaike." Neno hilo likaniingia akilini likakaa.

Kesho yake tukaenda kwenye kiwanda cha mbao, nje ya jiji. Mwenye kiwanda, wao humwita laobani, alikuwa mtu mfupi mwenye miwani kichwani. Nikampa picha za uzio wa Cairo.

"Mwambie nataka uzio kama huu, wa kuzungushia kaburi langu," nikamwambia Bi Salama.

Bi Salama akanyamaza. Mimi sijawahi kumwona amenyamaza.

"Mwambie!"

"Mzee, wewe mzima, umesimama mbele ya mtu dukani kwake, unamtajia kaburi lako? Hapa neno hilo linafukuza biashara. Nitasema ni kibanda chako cha kupumzikia."

Akasema hivyo. Laobani akafurahi, akauliza kama kibanda kitakuwa na meza ya chai. Bi Salama akajibu ipo. Mama Zubeda, mgonjwa vile vile, alicheka hadi akajishika ubavu, na kicheko kikageuka kilio cha maumivu. Nikamwambia twende hospitali.

"Wewe? Wewe ndiye unasema hospitali?" akaniuliza. "Basi nimekwisha."

Alikuwa anatania. Mimi sikucheka, lakini alikataa kwenda, akasema ni gesi tu.

Zhongda

Siku ya vitambaa nilimwomba abaki hotelini. Akakataa, mashuka ya wagonjwa hayachaguliwi na mwanamume. Tukaingia Zhongda. Jamani, soko lile halina mwisho. Ghorofa juu ya ghorofa, vijia vya majora ya vitambaa yaliyosimamishwa kama nguzo, pikipiki zimebeba majora zinapita katikati ya watu bila huruma. Ukiuliza kitu, wanapunga mkono, "meiyou", yaani hakuna, na kumbe kipo nyuma ya mgongo wao.

Alikuwa ameshika pamba nyeupe, anaivuta kuona kama itahimili kufuliwa. Akaniambia, "Hii." Halafu akasema, "Baba Zubeda, nishike." Nikachelewa kidogo tu. Akaenda chini na majora matatu yakamwangukia.

Nikayatupa yale majora. Mwili wake ulikuwa moto, na macho yake yamekuwa ya njano. Mwenye duka anapiga kelele, sijui ananigombeza, sijui anaita msaada. Watu wakatuzunguka na simu zao. Nikambeba mgongoni kama saruji, na uzee huu. Nikakimbia na ujia, nikageuka, nikajikuta kwenye duka lilelile. Nikageuka tena. Majora, majora, majora, mlango hauonekani. Nikapiga kelele kwa Kiswahili, "Mlango uko wapi?" Yule mwenye duka, mwanamke, ndiye aliyenishika ukosi wa kanzu akanikokota hadi barabarani, akasimamisha gari, akaingia nasi. Kumbe hakuwa ananigombeza.

Hospitalini

Nilisimama mlangoni pa hospitali na miguu ikagoma. Nawaambia ukweli. Mke wangu amewekwa kwenye kitanda cha magurudumu, anapelekwa, na mimi nimesimama nje kama mtoto mwenye kikopo. Kilichonisukuma ni yule Mchina wa vitambaa, alinipiga kofi mgongoni. Nikaingia.

Ndani ni korido na milango, milango na korido, taa nyeupe mchana kweupe, namba ukutani, sauti ya mwanamke inaita watu kutoka darini. Lile jengo la Cairo mtu anajua yuko wapi: maji katikati, kumbi nne, njia moja. Hapa wamempitisha mlango usio na dirisha, ukajifunga wenyewe. Nikausukuma. Nikaupiga. Nesi akaja akaniondoa kwa upole, nikarudi tena.

Bi Salama alipofika alikuwa amevaa kandambili tofauti, moja ya bluu na moja nyekundu.

"Ni mfuko wa nyongo, Mzee. Una mawe, umevimba, umeharibika. Wanataka kumpasua leo leo. Wanataka mume akubali."

"Nikikataa?"

"Ukikataa utapasuka."

"Mimi nimekuuliza swali, Salama."

Akanishika mkono. "Nami nimekujibu, Baba. Utapasuka humo tumboni mwake."

Wakaniruhusu kumwona. Mama Zubeda amelala na mrija mkononi, midomo mikavu. Akamwambia Bi Salama, "Waambie mimi nimekubali. Huyu mwacheni apumue." Kisha akanigeukia. "Lile jora la pamba. Usiliache."

Wakamchukua. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikatazama mlango. Binti yetu Zubeda akapiga simu kutoka Tanga, sikupokea. Ningemwambia nini? Kila mlango ulipofunguka nilisimama, na kila mara akatolewa mtu mwingine. Nikajipangia namna ya kumsafirisha. Nikajiuliza atazikwa wapi. Na jibu likaja lenyewe, na likanitisha kuliko yote: chini ya kuba. Kuba niliyoijenga kichwani kwa ajili yangu ilikuwa imekwisha kupata mtu. Nikaomba Mungu aliondoe wazo hilo.

Alitoka hai, amelala. Daktari, msichana mdogo, akanionyesha kijichupa chenye mawe kama punje za mbaazi. Akanyanyua dole gumba. Sikumwamini. Mama naye tuliambiwa ataamka.

Kitanda

Walimweka chumba cha vitanda vitatu, vimepangwa sambamba, vichwa ukutani. Kitanda cha pembeni yake kilikuwa cha bibi wa Kichina aliyefunga kitambaa cheupe kichwani. Siku ya kwanza ile pazia lake lilifunguka, akaniona kanzu, akasema, "Salamu aleikumu." Nikajibu kwa mshangao. Alikuwa Mwislamu wa kwao huko kaskazini, amekuja na binti yake mtu mzima anayemhudumia. Hatukuwa na neno lingine la pamoja. Salamu tu, na dua.

Siku ya pili Mama Zubeda alifumbua macho, akanywa maji, akaniuliza nimekula. Nikasema ndiyo, nikadanganya. Akaniambia niende nikamtafutie supu isiyo na mafuta. Nikatoka alasiri. Kuna mkahawa wa tambi wa Waislamu karibu na hospitali, wamiliki wake wamevaa kofia nyeupe, nikaonyesha kwa ishara kitanda, tumbo, na mafuta kuyakataa. Wakaelewa. Wakanitilia mchuzi mweupe kwenye bakuli lenye kifuniko.

Kurudi, lifti ikanishusha ghorofa nisiyoijua. Nikazunguka na bakuli langu. Mchuzi unachoma vidole visivyo na alama. Nikapanda ngazi. Nikaupata mlango, nikausukuma kwa bega.

Kitanda kilikuwa kimegeuzwa.

Kimetolewa kwenye safu, kimekaa mshazari, kinaziba njia. Jua la kuzama limeingia dirishani limemwangukia, na miguu yake imeelekea kulekule. Amefunikwa shuka jeupe, hata nywele, umebaki uso tu. Hatikisiki. Na yule bibi wa Kichina amesimama upande wa kichwani, mikono imefunguka, midomo inasoma.

Bakuli liliniponyoka. Nikasikia mtu anapiga ukelele, kumbe ni mimi. Nikaanguka magoti kwenye mchuzi, nikasema inna lillahi, nikasema mama, sikusema Mama Zubeda, nilisema mama. Yule bibi akashtuka, akaanza kunipungia mikono, ananisemesha Kichina haraka haraka, ananyoosha kidole kwa mke wangu, anaweka kidole mdomoni. Mimi naona ananiambia nisimlilie maiti kwa sauti. Binti yake akaja kunishika mabega. Nikamsukuma. Nesi akaingia mbio. Mimi nikautazama uso wa mke wangu, macho yamefumbwa, na nikaona kidole chake cha shahada kimenyooka juu ya shuka.

Kikasogea.

Halafu kichwa chake kikageuka kulia, polepole, midomo ikisema. Kikageuka kushoto. Akafumbua macho.

"Baba Zubeda," akasema, "mchuzi umeumwaga?"

Alikuwa anasali! Alasiri yake. Hawezi kuinuka, akamwonyesha yule bibi kwa ishara kwamba anataka Kibla, na yule bibi, ambaye kabla ya kuweza kusimama amelala humo wiki nzima akigeuziwa kitanda chake kila sala nyuma ya pazia, akamwambia binti yake akisukume. Magurudumu yale. Na mke wangu alinisikia nalia, akanisikia naanguka, na hakukata sala. Namjua, hata nyumba ingewaka angemaliza tahiyatu.

Nilikaa sakafuni. Nesi akaleta kitambaa cha kufutia, nikamnyang'anya nikafuta mwenyewe, nipate kuficha uso.

"Ulidhani nimeelekezwa," Mama Zubeda akasema.

Anakijua kisa cha mama, nilimsimulia mara moja tu, mwaka tuliooana.

Akasema, "Kule Cairo nilimwuliza yule mlinzi walielekea wapi, ukaniambia maswali ya watoto. Ndilo swali. Vitanda vyetu viwekwe hivi tangu siku ya kwanza, vyote. Mtu asigeuzwe. Anayesali asali alipo, na anayekufa afe alipo. Asiingie mtoto na uji akaona kimoja kimetoka kwenye safu."

Yule bibi wa Kichina akasema, "Amin." Hakuelewa neno hata moja.

Kiwandani tena, na kurudi

Nikarudi kwa laobani na Bi Salama. Nikamwambia uzio wa kibanda nauvunja, mbao zilezile anitengenezee viambaza vya kutenganisha vitanda, vyenye matundu ya kupitisha hewa. Na ncha zake zikatwe mshazari, kwa kipimo changu, ili vifuate Kibla. Laobani akalalamika, akapiga meza, akasema fundi wake amekwisha kukereza nguzo nne. Nikasema nguzo nne hizo nazichukua, zitapata kazi. Alipotulia akaniuliza jambo kwa huruma.

"Anauliza," Bi Salama akasema, "sasa wewe utapumzikia wapi?"

"Mwambie nimeghairi kupumzika."

Jora la pamba tulilikuta limewekwa kando Zhongda. Yule mwanamke alikuwa ameliandika jina, sijui jina gani, labda "wale waliodondoka". Mama Zubeda alimkumbatia, na yeye akawa mkavu kama ubao, kisha akacheka.

Kwenye ndege ya kurudi sikuisikia sauti ya chuma. Labda ilikuwepo. Nilikuwa natazama anavyopumua.

Ujenzi mmeuona wenyewe, lakini hamkuuliza kwa nini ukuta wa mbele ni mnene kama boma upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Mliniita mwashi mzee aliyepotewa na kamba. Ukuta wa nje unafuata barabara yenu, ili kibao kionekane. Wa ndani unafuata Kibla, na vitanda vinaufuata. Nimeuiba Cairo, kutoka penye kaburi, nikaupa wagonjwa. Pale langoni palipokusudiwa pawe na kuba pana birika la maji na zile nguzo nne juu yake, na mtoto aliyechoka kusubiri anaweza kuchezea maji.

Mali yangu leo ni hii. Nyumba ya vyumba sita, niliijenga mwenyewe. Duka la vifaa vya ujenzi, na ghala nyuma yake. Mashine mbili za kuchanganya zege, moja mbovu. Lori moja. Minazi ya Pangani. Mwiko wangu wa kwanza, mpini nimeubadilisha. Hospitali siihesabu, ni wakfu, lakini ina vitanda kumi na viwili, na hakuna hata kimoja kinachohitaji kusogezwa. Kaburi sina. Mke ninaye, yuko ndani, ananiambia nizime taa.